Maji Kwanza, Samaki Mwisho

  

Leo tunazungumzia tangi la samaki la nyumbani. Simaanishi bwawa la kufugia sato wa kuuza. Hilo lina siku yake. Nazungumzia tangi la kioo pale sebuleni, lenye samaki wadogo wa mapambo, na lenye mimea hai. Nasema mimea hai, si ile ya plastiki ya rangi ya waridi, na baadaye kidogo utaelewa kwa nini nasisitiza.

Nimechagua mada hii kwa sababu ya ujumbe wa msikilizaji mmoja wa Morogoro. Anasema alinunua tangi siku ya Jumamosi, na siku hiyo hiyo akatia maji ya bomba, changarawe za rangi na samaki kumi. Watoto wakashangilia. Kufikia Alhamisi samaki wanane walikuwa wameelea juu. Anauliza: huo ni ugonjwa gani, na dawa yake inaitwaje?

Ndugu yangu, pole sana. Dalili ulizozieleza hazifanani na ugonjwa. Kwa maelezo yako, samaki wako waliingizwa kwenye maji ambayo hayakuwa tayari kuwapokea. Na dawa yake haiuzwi dukani, maana dawa yake ni kusubiri.

Tuanzie hapo, kwa sababu hapo ndipo wengi wanapoangukia. Samaki anakula, sivyo? Na kila anayekula hutoa taka. Taka ya samaki, chakula kilichobaki na jani lililooza, vyote hivyo huzaa amonia ndani ya maji. Amonia ni sumu. Huioni kwa macho. Maji yanaweza kuwa maangavu kabisa, unaona mpaka ukuta wa upande wa pili, na bado samaki anaungua mashavu anayopumulia. Ukimwona yuko juu juu, kinywa wazi, anahema, ujue hali si nzuri.

Utaniuliza: mbona mtoni na ziwani samaki wanaishi? Kwanza, huko maji ni mengi. Pili, huko wapo bakteria. Kuna kundi linalokula amonia na kutoa nitriti. Nitriti nayo ni sumu, lakini lipo kundi la pili linaloigeuza kuwa nitrati, na nitrati samaki huivumilia ikiwa si nyingi mno. Na mimea huila hiyo nitrati ikawa mbolea yake. Tena mimea haingoji hata zamu hiyo ya mwisho; huanza kuifyonza amonia yenyewe moja kwa moja.

Sasa, tangi lililotoka dukani jana lina bakteria hao? Wapo wachache mno. Huhitaji muda wa kuzaliana kwenye mchanga, kwenye mawe na zaidi kwenye sponji ya kichujio. Muda huo kwa kawaida ni wiki 3 hadi 6. Kutia samaki kumi siku ya kwanza ni kukaribisha wageni kumi kwenye nyumba ambayo choo chake hakijachimbwa. Watakuja, watakaa, na kabla ya wiki kuisha utajuta.

Kwa hiyo naomba tushike mpangilio mmoja, na nitaurudia mpaka unichoke: maji kwanza, mimea pili, samaki mwisho.

Jambo hili la mimea na samaki kutunzana si geni. Mwaka 1850, mkemia mmoja wa London, Robert Warington, alichapisha taarifa ya jaribio lake. Alikuwa na chombo cha kioo, samaki wawili wa dhahabu na mmea wa maji uitwao valisneria. Majani yalipozeeka yakaanza kuoza na kuchafua maji. Akafanya nini? Akaongeza konokono. Konokono wakala majani yale yaliyooza, maji yakatulia, samaki wakaishi. Hakuwa na umeme wala pampu.

Na huyo valisneria, mwenye majani marefu membamba yanayosimama kutoka chini hadi juu ya maji, ana ndugu zake hapa kwetu. Wanaota Ziwa Tanganyika, sehemu zenye mchanga. Kwa hiyo tukisema mimea ya tangi, hatuzungumzii anasa ya watu wa mbali.

Haya, tuingie kazini. Tangi tuliweke wapi, na liwe la ukubwa gani?

Wengi huanza na kibakuli kidogo cha mviringo kwa sababu ni rahisi. Bei ni rahisi, kweli, lakini kazi ni ngumu. Maji yakiwa machache, taka kidogo tu huyaharibu, na joto hupanda na kushuka haraka. Tangi la lita 60 hadi 100 linakusamehe makosa mengi ambayo la lita 10 halisamehi. Ukitaka kujua lita, chukua rula: urefu mara upana mara kimo, vyote kwa sentimita, kisha gawanya kwa 1000. Tangi la sentimita 80 kwa 35 kwa 40 linafika lita 112 likijaa. Na lita moja ya maji ni kilo moja. Ongeza mchanga, mawe na kioo chenyewe. Unaona sasa kwa nini ile meza ya televisheni yenye miguu myembamba haifai? Tafuta meza imara iliyosawazika, na chini ya kioo tandika kipande cha povu gumu, kwa sababu punje moja ya mchanga iliyobaki chini ya kioo inaweza kukipasua.

Kama humudu tangi la dukani, fundi wa vioo wa mtaani anaweza kukutengenezea. Ila hapa nisikilize vizuri. Mwambie atumie silikoni ya kawaida, isiyotiwa dawa ya kuzuia ukungu. Ile ya bafuni mara nyingi ina dawa hiyo, na dawa hiyo huua samaki. Soma maandishi kwenye mrija wake wewe mwenyewe. Akishamaliza kugandisha, liache tangi likauke wiki nzima mpaka harufu ya siki iishe, kisha lijaze maji uani na uliangalie kwa siku moja au mbili kabla ya kuliingiza sebuleni. Kapeti ya watu isije ikalowa.

Na usiliweke dirishani. Najua, mwanga wa jua hupendeza ukipita kwenye maji. Lakini jua la dirishani hupasha maji joto na kuotesha mwani, ule ukijani unaoteleza, mpaka kioo hakionekani. Wapo wataalamu wanaolitumia dirisha kwa hesabu. Wewe unayeanza, liweke mbali kidogo.

Sasa tumefika kwenye maji yenyewe, na hapa nitakaa kwa sababu hapa ndipo penye mambo. Je, maji ya kwako yanatoka wapi?

Kama ni ya bomba, yametiwa klorini ili wewe usiugue tumbo. Klorini inayoua vijidudu vya tumbo huua pia bakteria tunaowahitaji, na huchoma mashavu ya samaki. Njia nyepesi ni kuyaweka maji kwenye ndoo pana kwa saa 24, klorini ikatoka yenyewe. Ziko pia dawa za matone za kuondoa klorini, na ukiwa na haraka tumia hizo. Lakini ukiacha maji kwenye ndoo, funika kwa chandarua! Mbu anayeeneza homa ya dengi hupenda sana kutaga kwenye vyombo vya maji yaliyotulia majumbani, na sisi wa Dar es Salaam hatujasahau mlipuko wa 2014 wala wa 2019. Tangi lenye samaki halina shida hiyo, maana viluwiluwi wa mbu ni chakula kitamu kwa samaki. Hatari iko kwenye ndoo ya kusubiria.

Je, kama ni maji ya kisima? Hayo kwa kawaida hayana klorini, lakini yana mambo mengine. Kwenye maeneo mengi ya pwani, maji ya visima yana chokaa nyingi na wakati mwingine chumvi. Utajuaje? Sabuni haitoi povu upesi, na birika linashika utando mweupe ndani. Watu huniuliza, nitayatoaje hayo machumvi? Mimi nawajibu: usiyatoe. Usipigane na maji yako. Chagua samaki anayeyapenda maji hayo uliyonayo. Tutafika kwa samaki, subiri. Maji kwanza, mimea pili, samaki mwisho.

Kuhusu joto, samaki wengi wa nchi za joto wanastarehe kwenye nyuzi 24 hadi 28. Kwa walio Dar es Salaam, Tanga, Mombasa au Zanzibar, hita ni pesa ya bure. Taabu yenu ni joto la Februari, kwa kuwa maji yakipata joto hewa ndani yake hupungua. Elekeza feni ndogo juu ya maji, yatapoa. Walio Njombe, Mbeya, Arusha, au Nairobi na Limuru, nyie hita mnaihitaji, hasa Juni na Julai.

Chini ya tangi tuweke nini? Mchanga wa mto, uliooshwa mpaka maji yake yatoke safi. Usichukue mchanga wa ufukweni. Una chumvi, na una vipande vya kombe na matumbawe ambavyo huyeyuka polepole na kuongeza chokaa. Una shaka na jiwe au mchanga wako? Dondoshea siki au limao. Ukiona povu linachemka, hapo pana chokaa.

Mimea yenye mizizi huhitaji kula pia. Mwandishi mmoja wa Kimarekani, Diana Walstad, alitoa kitabu mwaka 1999 akieleza njia yake ya kutandika udongo wa kawaida chini kabisa, halafu mchanga au changarawe juu yake. Njia hiyo ni ya gharama ndogo na inatufaa sisi. Udongo wa bustani, usio na samadi wala mbolea ya dukani, uchekeche, utandaze unene wa sentimita mbili au mbili na nusu, kisha ufunike kwa mchanga wa unene kama huo. Mimina maji taratibu juu ya sahani iliyolazwa mchangani ili usivuruge. Yakichafuka siku ya kwanza, usiogope.

Kisha panda, na panda siku hiyo hiyo, tena mimea mingi. Ukipanda vijiti viwili vitatu pembeni, mwani ndio utakaojaza nafasi iliyobaki. Valisneria nimeshamtaja, maji yenye chokaa hayamsumbui, na akipata nafasi hutambaa chini ya mchanga na kuotesha wenzake. Upo mmea mwingine unaopatikana kwenye maziwa na mabwawa yetu, wenye shina refu na majani mafupi magumu yaliyochongoka, usio na mizizi kabisa; wataalamu huuita ceratophyllum. Huo uache uelee tu. Hukua haraka na hufyonza amonia sana, kwa hiyo kwa tangi jipya ni msaidizi wa kwanza. Ukiuokota bwawani uoshe vizuri na uukague, maana unaweza kuja na wadudu walao samaki wachanga.

Wa tatu ni anubias, mzaliwa wa misitu ya Afrika ya Magharibi na ya Kati. Jani lake ni gumu, la kijani kizito, na huridhika na mwanga hafifu. Ila ana sharti moja: lile shina lake nene linalotambaa lisifukiwe mchangani. Ukilifukia linaoza. Mfunge kwa uzi juu ya jiwe au kwenye kipande cha mti, mwenyewe atashika.

Sasa sikia hili, kwa maana limewavunja moyo wengi. Wiki ya kwanza au ya pili baada ya kupanda, majani yanaweza kugeuka njano, kulainika na kukatika. Unasema, mmea umekufa, unang'oa unatupa. Usitupe! Mimea mingi ya dukani huoteshwa na wakulima wake ikiwa nje ya maji. Ikizamishwa, huangusha majani yale ya nchi kavu na kuotesha mengine ya majini. Ondoa yaliyooza, uiache mizizi. Ukiona jani jipya limechomoza, mmea umeshapakubali mahali pake.

Taa ya LED ya mwanga mweupe yatosha, saa 6 hadi 8 kwa siku. Sio usiku kucha kwa sababu wageni wamekuja kutazama. Mwani ukizidi, kabla ya kununua dawa yoyote, punguza saa za taa.

Na kichujio? Kile cha sponji kinachosukumwa na pampu ndogo ya hewa ni cha bei nafuu na hakina fujo. Kumbuka bakteria wetu wanaishi ndani ya hiyo sponji. Kwa hiyo usiioshe kwa maji ya bomba, sembuse sabuni. Ikamue ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa kwenye tangi lenyewe, basi. Umeme ukikatika saa moja, hakuna neno. Ukikatika kutwa, bakteria hukosa hewa na samaki nao vilevile, na usiku mimea haitoi hewa, bali inaitumia. Pampu ya betri husaidia. Kama huna, chota maji kwa kikombe uyamimine kutoka juu yarudi tangini, rudia mara nyingi. Watoto hupenda kazi hiyo. Umeme ukirudi baada ya saa nyingi, ikamue sponji kwanza kabla ya kuwasha.

Basi maji yapo, mimea imesimama, taa inawaka. Samaki bado! Wiki zote hizo unatia chembe ndogo ya chakula cha samaki kila baada ya siku moja au mbili, ili bakteria wapate amonia ya kula. Ukiwa na rafiki mwenye tangi la zamani lenye samaki wazima, mwombe aikamue sponji yake ndani ya tangi lako. Utapunguza siku za kungoja. Vipo vipimo vya karatasi au vya matone vya kupima amonia na nitriti. Amonia ikisoma sifuri, na nitriti ikisoma sifuri, hapo ndipo uende dukani. Usipovipata, hesabu wiki 6, na uangalie kama mimea inatoa majani mapya.

Tumefika sasa kwa samaki, na tunarudi kwenye yale maji yako. Kama ni ya kisima, yenye chokaa, mchukue samaki aitwaye moli. Moli huvumilia hata chumvi kidogo. Gapi pia anayapenda maji hayo. Ni yule mdogo ambaye dume lake lina mkia wa rangi nyingi. Hawa hawatagi, huzaa vitoto vinavyoogelea, na jike mmoja anaweza kuzaa karibu kila mwezi. Hutaki tangi lijae? Chukua madume matupu. Kama maji yako ni laini, ya mvua au ya mlimani, hapo unaweza kuwafikiria wale tetra wadogo wa Amerika ya Kusini wanaotembea kwa kundi.

Na wewe wa maji magumu unayetaka kitu cha pekee, watazame samaki wa Ziwa Tanganyika wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono. Wamo wasiozidi urefu wa kidole. Kila mmoja ana kombe lake, na ukilisogeza atakuja juu kukukabili bila kujali udogo wake. Kwangu mimi hao wanashinda samaki wengi wa bei kubwa.

Nani usimlete? Mtoto akikuletea kambale mchanga kutoka mfereji wa jirani, mshukuru, kisha mwambie amrudishe pale pale alipomtoa, maana kambale hukua akapita tangi lako. Perege hufukua mchanga na kung'oa mimea. Samaki wa dhahabu, ingawa Warington aliwatumia, hupenda maji ya ubaridi, wana taka nyingi, na majani laini kwao ni mboga.

Anza na wanne au watano tu. Ule mfuko wa plastiki uache uelee tangini dakika 15, halafu ongeza maji ya tangi humo kidogo kidogo, kisha mtoe samaki kwa wavu mdogo. Maji ya dukani usiyamimine ndani. Ngoja wiki mbili ndipo uongeze wengine. Walishe kile wanachomaliza kwa dakika mbili, mara moja kwa siku. Kila wiki toa robo ya maji na urudishe mengine yaliyokwisha klorini. Na hayo uliyoyatoa usiyamwage bure: mwagilia mchicha wako, yana mbolea.

Jambo la mwisho, na hili nalisema kwa ukali kidogo. Mimea ikizidi ukapunguza, usiitupe mtoni, mferejini wala ziwani. Ianike juani ikauke kabisa, halafu uifukie. Gugu maji lililoonekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, likafunga mialo na kuwazuia wavuvi wasitoke, asili yake ni Amerika ya Kusini, na lilisambazwa duniani kwa sababu ya ua lake zuri. Samaki uliowachoka nao, tafuta mtu wa kumpa.

Msikilizaji wangu wa Morogoro, wale wawili waliobaki usiwaongezee wenzao sasa. Wabadilishie robo ya maji kila siku kwa wiki hii, wape chakula kidogo mno, na utafute ule mmea unaoelea niliouelezea. Kisha unijulishe.

Muda wetu umekwisha, fundi mitambo ananionyesha saa. Wiki ijayo, panapo majaliwa, tutazungumzia samaki wa madimbwi ya pwani, akiwemo yule mdogo wa Unguja, ambaye dimbwi likikauka yeye hufa lakini mayai yake hubaki kwenye matope yakingoja mvua. Ukiwa na swali juu ya tangi lako, tuma mapema, na utaje kama maji yako ni ya bomba au ya kisima, maana bila hilo sitaweza kukujibu. Usiku mwema.